Bakuli si Nyumba ya Samaki: Neno kwa Wazazi wa Busia na Tororo



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu wa Busia, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, na nyinyi mlioko Malaba na Tororo, leo tuna jambo dogo la kusema, na tunalisema tukiwa na hasira kidogo. Mtuwie radhi tangu mwanzo.

Muhula uliopita, madrasa moja katika eneo letu (jina tunaliacha, kwa sababu nia ilikuwa njema) iliwatunza watoto kumi na wawili waliohifadhi juzuu zao. Kila mtoto alipewa bakuli la kioo la duara lenye samaki wawili wa dhahabu, changarawe za buluu chini, na kipakiti cha chakula. Picha zikapigwa, kina mama wakapiga vigelegele. Samaki wakarudishwa nyumbani kwa bodaboda, wengine bakuli likiwa mapajani, wengine wamo kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inizwa kwenye usukani. Neno bodaboda lenyewe limezaliwa hapa kwetu mpakani, na tunalionea fahari, lakini si chombo cha kubebea samaki hai saa nane mchana.

Ijumaa iliyofuata tulipoulizana nje ya msikiti, mabakuli tisa kati ya kumi na mawili yalikuwa hayana kitu kinachopumua. Mwezi haukuisha, hakuna samaki hata mmoja aliyebaki.

Binti wa mmoja wetu ana miaka minane. Alizika wake nyuma ya jiko, akaweka na jiwe. Usiku akamwuliza mama yake kama samaki walikufa kwa sababu siku moja alisahau kuwalisha. Mama akamwambia hapana mwanangu, ni ajali yao imefika. Hakuridhika. Siku tatu nzima mtoto yule alikula nusu sahani. Wazazi wenzetu, mtoto huyu alidhani ameua. Na sisi tuliojua kidogo, tuliomwambia abadilishe maji YOTE kila asubuhi, tena maji ya bomba moja kwa moja, tulinyamaza. Ndiyo sababu ya maneno haya.

Hebu tueleze kilichowaua, ili pasiwe na mtoto mwingine wa kubeba lawama isiyo yake.

Samaki hupumua na kutoa uchafu ndani ya maji yale yale. Uchafu wake mkubwa ni amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutoka mashavuni mwake, si tumboni. Mtoni maji ni mengi, hupita na kwenda zake. Ndani ya bakuli la lita tatu haina pa kwenda. Huchoma mashavu ya samaki, naye huanza kupanda juu kuvuta hewa, na watoto hushangilia wakidhani anacheza. Sasa, Mwenyezi Mungu ameumba bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na mimea huila. Bakteria hawa hukaa kwenye mchanga, kwenye kioo na kwenye majani. Lakini hawaji siku moja. Huchukua wiki nne, wakati mwingine sita, mpaka watoshe. Bakuli jipya halina hata mmoja wa maana. Na ukimwaga maji yote kila siku, ukasugua changarawe, ukajaza maji ya bomba yenye klorini, wale wachache walioanza kukaa nao unawaua.

Isitoshe, samaki wa dhahabu ni mtu wa maji ya baridi, asili yake China. Maji yakipata joto hubeba hewa kidogo zaidi, na dirishani Busia mwezi wa Februari joto si la mchezo. Halafu samaki huyu akitunzwa hukua kupita kiganja cha mtu mzima na huishi miaka kumi na zaidi. Kumuweka kwenye bakuli ni kama kumfungia ndama kabatini. Kwa hiyo anayeuza bakuli na samaki wa dhahabu kwa pamoja anauza kifo cha polepole kilichofungwa utepe, na sisi tunaonunua tunalipia.

Tunajua majibu yatakayokuja. La kwanza ni hili: "Ni samaki tu, mbona mnawakaanga?"

Ndiyo, tunawakaanga, na tutaendelea. Omena na sembe havijaondoka mezani kwetu. Lakini kumvua samaki ukamla ni jambo moja, na kumfungia kiumbe ukamsahau ni jambo jingine kabisa. Nani kati yetu hajafundishwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kwamba alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie? Na nani hajasikia habari za yule mtoto Abu Umayr aliyekuwa na kindege chake, na jinsi Mtume (SAW) alivyomwulizia habari za kindege kile kwa upole? Wanavyuoni walichukua kutoka hapo kwamba kufuga kiumbe kidogo kwa ajili ya kumfurahisha mtoto kunafaa, kwa sharti la kukitunza. Mafundisho haya mawili tunawasomesha watoto madarasani kila mwaka. Kisha tunawapa bakuli.

Hatusemi watoto wasifuge samaki. La hasha. Tunasema wafuge kwa njia inayowezekana, na njia ipo, na ni rahisi kuliko ile ya bakuli. Tumeijaribu wenyewe, nyumba nne, mbili upande wa Kenya, moja Busia ya Uganda na moja Tororo, na hatukuanza kwa ushindi. Tangi letu la kwanza liliua samaki saba, na tutaeleza kwa nini.

Tangi tulilotengeneza lina urefu wa sentimita 50, upana 30 na kimo 30, yaani lita 45 likijaa. Fundi vioo wa kawaida, yule anayekata vioo vya madirisha, alilikata na kuligandisha kwa silikoni, akatuambia tusiliguse siku mbili. Likishajaa lina uzito wa mtu, kwa hiyo usiliweke juu ya kimeza cha TV kilicholegea. Chini tuliweka udongo wa shambani usiotiwa mbolea, unene wa vidole viwili, juu yake mchanga wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Juu ya hapo mimea, na mimea iwe mingi tangu siku ya kwanza. Njia hii si yetu. Mama mmoja Mmarekani, Diana Walstad, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999, na hoja yake ni kwamba mimea yenyewe inaweza kunyonya amonia na kulisafisha tangi, bila mashine nyingi. Kwa watu tunaokatikiwa umeme kama sisi, hii ni habari njema. Mashine ya kuchuja ikizimika usiku mzima, bakteria wake hukosa hewa na huanza kufa. Mmea hauhitaji tokeni.

Joto pia hatununui. Wenzetu wa Ulaya hulipia umeme kupasha maji moto. Sisi tuko kwenye kimo cha kama mita 1,200 juu ya bahari, na maji ya sebuleni yana joto la kutosha samaki wadogo wa nchi za joto mwaka mzima. Weka tangi karibu na dirisha lakini lisipigwe na jua la mchana moja kwa moja, la sivyo litageuka supu ya mchicha.

Wenzetu wa Tororo, neno lenu ni mawe. Kila mtu anayetembelea Tororo hutaka kuokota jiwe la ule mwamba alipambie tangi. Milima ya pale, Tororo yenyewe na Sukulu, ina mawe ya chokaa, na ndiyo sababu saruji inatengenezwa huko. Lidondoshee jiwe lako siki au ndimu. Likitoa povu, lina chokaa, na litayafanya maji yawe magumu. Kipande kidogo hakina neno, tena uduvi hupenda, kwa kuwa chokaa huwajengea magamba. Lakini ukijaza nusu ya tangi utawaona samaki wengine wakinyong'onyea, na hutajua sababu.

Sasa wakazi wa tangi. Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo tulipogundua ujinga wetu.

Tulitaka kuagiza uduvi wekundu kutoka Nairobi au Kampala. Mzee mmoja wa Sio Port akatucheka. Akatuuliza, uduvi mnaotaka kuupanda basi kwenda kuununua ndio huu tunaowapa kuku? Na kweli, ni ochong'a, ambao wanasayansi humwita Caridina nilotica, wanaonaswa pamoja na omena na kuuzwa sokoni wakiwa wamekaushwa, chakula cha kuku. Wakiwa hai hawana rangi, ni kama kioo, unaona mpaka chakula kikipita ndani yao. Hawafiki urefu wa kidole. Kutwa nzima wanachokora majani kwa vijikono vyao kama watu wanaochambua mchele, wakila ukungu wa kijani na mabaki. Jike hubeba mayai chini ya tumbo na kuyapepea kwa miguu yake asiache hata dakika moja. Yule binti aliyezika samaki wa dhahabu ndiye aliyemwona wa kwanza mwenye mayai. Aliita nyumba nzima, akamleta na jirani.

Samaki wetu ni wale wadogo wa kingoni mwa maji, wa urefu wa sentimita tatu au nne, wenye kidoa kinachong'aa juu ya jicho kama kurunzi. Wanane tu, na uduvi ishirini. Wengine mtapata gapi mitaroni. Hao si wa kwetu, asili yao ni Amerika ya Kusini na waliletwa zama za ukoloni ili wale mabuu ya mbu, lakini ni wagumu na watoto huwapenda. Na mvua kubwa zikianza, kwenye madimbwi ya mashariki ya Uganda hutokea visamaki vya rangi ambavyo watu huapa vimeanguka kutoka mbinguni. Havikuanguka. Mayai yao hukaa ndani ya tope kavu kiangazi chote yakisubiri maji. Mmoja wa jamii hiyo ana jina la nchi yenyewe, Nothobranchius ugandensis, na wataalamu walimtambulisha mwaka 1994. Hao waacheni dimbwini mwao, mwende na watoto mkawatazame.

Tahadhari moja isiyo na mzaha. Kwenye kingo za Ziwa Victoria kuna KICHOCHO. Watoto wasiingie majini kutafuta uduvi. Aende mtu mzima mwenye gambuti, atumie chujio lenye mpini mrefu. Na konokono wa ziwani asiingie ndani ya tangi lako hata mmoja, kwa sababu yeye ndiye anayehifadhi kidudu cha ugonjwa huo. Mimea yote tuliyotoa ziwani tuliiosha jani kwa jani, tukaiweka kwenye ndoo peke yake wiki mbili, tukawa tunaitazama kila siku na kuondoa kila konokono na kila shada la mayai. Anayeona kazi hii ni kubwa, basi achukue mimea kwa jirani mwenye tangi safi.

Wale saba wa mwanzo tuliwauaje? Kwa haraka, kwanza. Tulipanda mimea Jumamosi na Jumapili tukatia samaki wote. Waliokufa wiki ile walikuwa wanne. Watatu waliobaki waliuawa na dawa ya mbu ya kupuliza, chumba kimefungwa, tangi wazi. Dawa nyingi za mbu ni sumu kali kwa samaki, na kwa uduvi ndiyo kabisa, kwani uduvi na mdudu ni jamaa. Vilevile dawa za samaki zenye shaba huua uduvi wote. Someni karatasi kabla ya kumimina.

Hapa tunafika kwenye jibu la pili tunalotupiwa, kwamba tunaleta mbu nyumbani. Tunaliheshimu jibu hili, kwa kuwa hakuna nyumba ya Tororo isiyoijua malaria. Watafiti waliopima huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa majumbani ulipoanza wilayani humo mwishoni mwa 2014, malaria ilishuka sana. Kwa hiyo hatutamwambia mtu yeyote azuie wapuliziaji kwa ajili ya samaki. Wakija, toeni tangi nje, au mlifunike kwa nailoni mpaka chini. Chandarua cha mtoto kwanza, uduvi baadaye.

Lakini mbu wa malaria huzaa kwenye vidimbwi vya jua, kwenye nyayo za ng'ombe na alama za magurudumu, na tangi lenye samaki wenye njaa kwao ni kaburi. Mnataka kujua mabuu tuliyaona wapi? Kwenye yale mabakuli. Samaki walikufa, mabakuli yakabaki dirishani na maji yake kwa sababu watoto hawakutaka yamwagwe. Katika nyumba mbili tuliyakuta mabuu yanacheza juu ya changarawe za buluu.

Jibu la tatu ni la gharama, na hili tutalipita haraka. Mabakuli kumi na mawili, samaki ishirini na wanne na vipakiti vya chakula vilizidi bei ya tangi letu na vyote vilivyomo. Hesabu tuliifanya mara mbili. Chakula tunatoa kidole na gumba mara moja kwa siku, na siku moja katika wiki hawali kabisa, huwafaa tumbo. Watoto wameichagua Alhamisi, wanasema samaki nao wanafunga sunna. Kila wiki mbili tunatoa moja ya tano ya maji na kumwagilia sukuma, kisha tunarudishia maji yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi.

Kuna jingine linalotuuma, na si la madrasa wala la muuzaji. Ziwa letu lilikuwa na samaki wadogo wa rangi, wale wanaoitwa fulu na Wajaluo, nkejje na Waganda, na furu upande wa Tanzania. Wataalamu hukadiria aina kama 500. Sangara akaletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 fulu walikuwa wameliwa wakaisha mahali pengi, uchafu wa maji ukamalizia. Inadhaniwa aina kama 200 zilitoweka. Baadhi ya zilizosalia zilichukuliwa na kuzalishwa kwenye matangi huko Marekani na Ulaya. Fikirini, mtoto wa mgeni anamjua fulu kwa jina na kwa tabia, na mtoto wa Busia, aliye saa chache kutoka Ziwa Kanyaboli ambako ngege wa asili bado yumo, zawadi yake ni samaki wa China kwenye bakuli. Hatuwalaumu wageni, wamefanya kazi ya maana. Tunajilaumu sisi.

Na kwa sababu hiyo hiyo tunawaomba, na hapa hatubembelezi: KISITOKE KITU ndani ya tangi kikaenda mtoni. Wala samaki, wala kijani. Mto Sio unashuka Ziwa Victoria, Mto Malaba maji yake huishia Ziwa Kyoga. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani na watu walioupenda uzuri wa ua lake la zambarau. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 katika ghuba ya Winam peke yake lilifunika takriban hekta 17,000, mitumbwi ikakwama. Gugu la Kariba nalo limeingia Kyoga katika miaka ya 2010. Na bado hivi karibuni tumemwona mtu sokoni ana gugumaji kwenye besheni, analiuza kama pambo! Majani mnayopunguza yaanikeni juani mpaka yakauke, ndipo yaende shimoni. Samaki waliozidi wapeni wenzenu. Na msivushe mpaka mimea au samaki hai mfukoni kimyakimya kwa sababu askari ni jirani yenu. Vibali vipo, na vimewekwa kwa sababu ya mambo kama haya.

Kwa kamati ya madrasa yetu tumeshapeleka ombi, na tunaliweka hapa ili wazazi walijue. Mwaka huu msinunue mabakuli. Tangi moja la lita 45 litakaa kwenye baraza ya madrasa, sisi tutagharamia kioo, na watoto waliohifadhi watapewa zamu ya kulilisha, wiki kwa wiki, majina yao yakibandikwa ukutani. Ustadh amesema atalifikiria. Anahofia watoto watalitazama badala ya msahafu, tukamwambia basi liwekwe nyuma yao.

Jumapili hii baada ya adhuhuri tunapunguza mimea kwenye nyumba ya upande wa Kenya. Walio upande huu wanaotaka vipande waje na chupa yenye kifuniko. Samaki hatugawi mpaka mtu atuambie tangi lake lina mimea kwa wiki ngapi.

Wassalaam.